Mkono wa Kupaka Shubiri

Mimea yangu ilikuwa midogo hata wageni waliniuliza iko wapi huku wameikodolea macho. Mkubwa kuliko yote haukuzidi ngumi ya mtoto. Yote ilikuwa ya aina ile yenye majani manene yanayoweka maji ndani, mimea inayokubali kuishi kwenye ufa wa jiwe. Mingine niliing'oa kwenye miamba ya Kilifi, mingine kando ya barabara ya Mariakani gari lilipoharibika na abiria wenzangu wakawa wanalalamika. Michache nilipewa na mzungu mmoja mzee aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Alikuwa mgeni wa miaka mingi katika hoteli ya Malindi nilikokuwa mpokea simu. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa msichana wa bara niliyekuja pwani kwa ajili ya kazi, nikabaki kwa ukaidi.

Niliipanda kwenye vifuu. Kopo hushika kutu kabla hujalizoea, lakini nusu ya kifuu yenye macho imekuja na tundu lake tayari: unatoboa jicho lile laini kwa msumari na maji ya ziada yanapita. Udongo niliuchanganya mwenyewe, mchanga wa mto Sabaki, maana wa baharini una chumvi, pamoja na mawe ya matumbawe niliyoyaponda na chenga za makaa. Maji niliyapima kwa kijiko. Watu hudhani mimea hii inauawa na jua. Huku pwani inauawa na unyevu wa hewa, na zaidi ya hapo inauawa na watu wenye huruma wanaopita na kikombe cha maji.

Chumba changu kilikuwa mtaa wa Barani, hapo hapo Malindi, katika nyumba ya bibi mmoja mjane aliyezaliwa Takaungu. Kila akikuna nazi aliniwekea ile nusu yenye macho, na kila akinipa hakukosa la kusema.

"Nyinyi watu wa bara twawajua kwa mahindi," alisema. "Hivi navyo utavuna lini?"

Chumba kilichotazamana na changu alikaa binti yake, ambaye alikuwa ameachika na kurudi nyumbani na mtoto wa kike. Tulikuwa rika moja, tukaitana shoga. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili. Kila asubuhi aliingia kwangu bila kubisha, akasimama chini ya dirisha nilipopanga vifuu, akinyoosha mikono nimbebe. Yeye peke yake ndiye niliyemruhusu kugusa mimea. Aligusa kwa kidole kimoja, jani moja, kisha akanigeukia kuona kama nimependa. Mimi sikuwa na mtoto wala dalili ya kupata, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda yule kuliko ilivyostahili mpangaji kumpenda mtoto wa watu.

Basi shoga yangu akapata kazi Mariakani, ya kuosha madebe ya maziwa kiwandani. Alitakiwa afike Jumatatu. Mtoto angebaki na bibi, na mtoto alikuwa bado ananyonya, mchana na usiku, kila alipojisikia.

"Nikaoshe maziwa ya watu, na ya mwanangu yakauke," alisema akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Ilibidi mtoto aachishwe ziwa kabla ya Jumatatu. La sivyo bibi angebaki na mtoto analilia kitu kisichokuwapo, na kazi isingemngoja mtu. Dawa ya kuachisha inajulikana na kila mtu pwani: unavunja jani la shubiri, unapaka ziwa ule utomvu mchungu, mtoto anaonja na kuapa harudi tena. Tatizo ni kwamba mwezi ule kideri kilikuwa kimeingia kwenye kuku wa Barani, na shubiri hiyo hiyo ndiyo dawa ya kuku. Kila ua ulikuwa umekatwa shubiri yake mpaka shinani na kutiwa kwenye maji ya kuku. Ya bibi ilibaki kisiki. Kuku walikufa vilevile.

Ijumaa nilirudi kazini nikamkuta bibi uani akipepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Shoga yako kachuma shubiri pale dirishani pako, ampake mwana. Usimkasirikie."

Pale dirishani palikuwa na kifuu chenye jamaa mdogo wa mnyaa, ule wa kuzungushia ua, wenye utomvu mweupe unaochoma ngozi na kupofua macho. Kwa mtu asiyeujua, ulikuwa kijiti kinene chenye majani juu, shubiri kama shubiri nyingine. Kwao kila chenye jani nene kilikuwa shubiri. Sikwenda kutazama dirisha. Niliingia chumbani kwa shoga yangu na viatu vyangu vya kazini.

Alikuwa ameketi mkekani, mtoto yuko kifuani ananyonya kwa raha zake, mguu mmoja unacheza hewani.

"Umekata upi?" nilimuuliza.

"Ule wenye vidoa vyeupe. Shoga, hiyo shubiri yako ya uongo! Nimejipaka mara mbili, na mwana anyonya utadhani nimempaka asali."

Niliketi chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Ule wa vidoa alinipa yule mzungu. Unafanana na shubiri iliyozaliwa jana, lakini maji yake hayana uchungu wowote. Nilipomaliza kucheka hasira zikanipanda, nikamweleza kuhusu ule wa pembeni yake. Shoga yangu alimwinua mtoto, akamtazama macho, akamtazama mdomo, akamrudisha kifuani na kumkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Shubiri ya kweli ninayo," nikasema. "Ni moja tu."

Ilikuwa ndogo, majani mekundu nchani, niliyoitoa kwenye mawe ya Mariakani na ambayo kwa muda mrefu nilikuwa naingoja itoe ua. Siku nyingine yoyote ungeniomba jani lake ningekununia wiki nzima. Siku ile niliitoa mwenyewe.

Hapo ndipo bibi aliposimama mlangoni na ungo wake akasema kwamba kwao Takaungu shubiri haipakwi na mama mtu. Hupakwa na mtu mwingine, na mtoto aone kwa macho yake ni nani anayepaka.

"Uchungu aujue umetoka wapi," alisema. "Asije akamkinai mamake."

"Basi paka wewe, bibi," nikamwambia.

"Mimi ndiye nitakayebaki naye, mwanangu. Nikipaka mimi, atalala kwa nani?"

Tulitazamana watatu, na wawili walikuwa wananitazama mimi. Nikasema, "Haya." Nilisema upesi, kama mtu aliyeombwa kushika kikapu. Nilifurahi hata, kwa kuwa niliona wamenihesabu kuwa mtu wa nyumba ile.

Jumamosi asubuhi nilivunja jani la chini kabisa. Utomvu wa manjano ulitoka, nikauchukua kwa kidole na kumpaka shoga yangu kifuani. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake akiniangalia, akacheka, maana kidole changu alikijua. Kisha akanyonya.

Hakulia mara moja. Aliachia, akakunja uso, akatazama kidole changu, halafu akanitazama mimi. Ndipo akalia. Mchana bibi aliniita tena na jani la pili, na jioni tena. Jumapili nilipotokea tu mlangoni na shubiri yangu mkononi, mtoto aligeuza uso kabla sijafika. Ziwa hakulitaka tena.

Jumatatu mama yake alipanda basi. Bibi alimpa mtoto uji na ndizi za kuponda, akala, akalala mgongoni mwa bibi. Mambo yalikwenda kama tulivyotaka. Mwisho wa mwezi shoga yangu alirudi kututembelea. Mtoto alisikia sauti yake barazani, akakimbia na kumrukia shingoni, hana kinyongo hata kidogo. Nilitoka chumbani nami nikaenda kuwalaki, mikono mitupu, nimeinyoosha ili nimbebe kidogo.

Mtoto aliniona. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Pole, shoga," mama yake akasema.

"Umeona?" bibi akasema, na alikuwa amefurahi kweli. "Ndivyo itakiwavyo."

Nilikaa katika nyumba ile mpaka mtoto akaanza chuo cha Kurani. Kwa bibi alilala, kwa mama yake alikimbia, na mimi alinisalimia shikamoo vizuri kabisa, kwa mbali, kama alivyofunzwa kuwasalimu wageni.