Mbeta Zilizofungwa Kichwa Chini

Mama yangu anaishi Mahongole, nje kidogo ya Makambako mjini, na mimi naishi Njombe. Tangu baba afariki nimekuwa nikimbembeleza ahamie kwangu, na kila nikipiga simu jibu lake ni lile lile: tutaona. Mimi sina subira na neno hilo. Kwa hiyo mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, nilimfuata mwenyewe, nikampandisha basi na kumwambia anakuja kutembea tu, wiki moja. Sikumwambia kwamba kitanda chake nilikuwa nimeshanunua, na godoro, na blanketi mbili nzito, maana baridi ya Njombe haina utani.

Nilimpokea kama mgeni rasmi. Sikumwacha aoshe hata kikombe. Akiinuka kwenda jikoni, namrudisha kwenye kiti na kumwashia televisheni. Nilitaka aone kwamba kwangu atapumzika, na Jumamosi nikampeleka mtoni ili aone kwamba atafurahi pia.

Ninavyokumbuka mimi, pale mtoni palikuwa na vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo watu wa huku hulima wakati wa kiangazi, ardhi ya juu ikishakauka. Siku hizi pamejengwa. Kingo za mto zimepangwa mawe, kuna njia ya kutembea yenye mabenchi, kuna daraja la kamba, kuna bwawa lenye boti za kukanyaga kwa miguu, na upande mmoja maduka yamejipanga: kahawa, juisi ya parachichi, masweta, vikapu vya majani ya milulu. Nimeshaenda mara nyingi na bado sijatosheka. Nikifika lazima nichungulie maji ya bwawa yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mwanangu wa kwanza huona aibu kutembea na mimi.

Siku ile nikagundua nimeurithi wapi udadisi huo. Mama alivuka daraja la kamba, akarudi, akavuka tena, kisha akainama kuangalia limefungwa kwenye nini. Kwenye duka la vikapu aligeuza kila kikapu akakagua kitako chake, akamuuliza muuzaji milulu ilivunwa wapi na ilianikwa kwa muda gani. Bwawani aliona watu wakiwarushia samaki punje za chakula, akataka kujua watavuliwa lini. Nikamwambia hawavuliwi, ni wa kutazamwa. Akainama kuwatazama vizuri. Baadaye akaniambia kwamba kama ni hivyo basi wamenenepa kwa hasara.

Safari yenyewe ilikwenda polepole kwa sababu mama hapiti mtu bila kumsalimia. Kamwene kwa huyu, kamwene kwa yule, mkono juu. Wengine waliitikia vizuri na kusimama, wakaulizana habari za kwao. Wengine walikuwa wanajipiga picha na simu, wakamtazama tu. Mimi nilikuwa nahesabu kila tabasamu lake kama hatua ya kuhamia kwangu. Moyoni nilishampangia mpaka kwaya ya kanisani ya kujiunga nayo.

Ndipo tukafika kwenye milanzi.

Waliojenga pale waliacha kichaka kimoja cha milanzi ya zamani, ile mianzi yetu inayogemwa pombe ya ulanzi, karibu na mgahawa. Wakaizungushia kokoto nyeupe, na kwenye mashina ya pembeni wakafunga vipande vya mwanzi vilivyokatwa vizuri. Mama alisimama ghafla. Kwetu, mvua zikianza, machipukizi ya mlanzi hukatwa ncha, kisha chini ya ile ncha hufungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia maji yake. Unakata asubuhi, unakata jioni. Ukiishusha mapema unapata mtogwa, ulanzi mtamu ambao haujachachuka, ambao hata mchungaji akiukuta mezani haulizi maswali.

Mama akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeona mtoto amevalishwa viatu upande, kwamba aliyefunga mbeta hizi amezifunga kichwa chini. Kabla sijajibu alikuwa ameshakanyaga kokoto. Akafungua kamba ya kwanza, akaigeuza mbeta mdomo juu, akaifunga tena kwa fundo la haraka ambalo nimeliona tangu utoto wangu. Akahamia ya pili. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ashuke kwenye basi, na mimi nilikuwa nimeduwaa, kwa sababu nilijua ni nini vile lakini sikuwa na roho ya kumkatiza.

Mlinzi akaja mbio. Alipoona ni mtu mzima akapunguza mwendo, akamwamkia shikamoo bibi, kisha akamweleza kwa upole kwamba zile ni taa. Akamwonyesha waya na balbu ndani. Zinaangalia chini ili zimulike njia.

Mama akachungulia ndani ya mbeta aliyoigeuza, akaona balbu, akacheka mpaka akashika kiuno. Mlinzi naye akacheka. Mama akamwomba radhi, akasaidia kuzirudisha zote mbili kama zilivyokuwa. Halafu akamuuliza, hii milanzi yenyewe nani anaigema? Mlinzi akasema hakuna, bibi. Machipukizi yakitokeza, mtunza bustani huyang'oa yasichafue kokoto.

Mama hakucheka tena. Tukakaa kwenye benchi, nikamnunulia juisi. Nikaona ndio wakati. Nikamwambia habari ya kitanda, na blanketi, na kwamba hatafanya kazi yoyote tena maisha yake yote. Nililisema hilo la mwisho kwa majivuno. Alikunywa juisi yake taratibu akiitazama ile milanzi.

"Mwanangu," akasema, "nikihamia kwako nitakuwa kama hii. Nimewekwa pazuri, nimefungwa taa, na hakuna anayenigema."

Niliumia, na nikiumia huwa nakasirika. Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele yake. Nilitaka kumwambia kwamba watu wanalilia kupumzika, kwamba majirani zangu wangempa chochote mtoto wa kuwafanyia hivyo. Lakini nyuma yangu nilimsikia bado anasalimia, kamwene, kamwene, kama mtu aliye kazini, na hasira ikaanza kunitoka bila ruhusa yangu. Nikakumbuka tangu afike nimemnyang'anya mpaka vikombe.

Tulipofika nyumbani na kukaa kidogo, aliinuka kwenda jikoni kama kawaida yake. Nami nikanyanyuka kama kawaida yangu. Kisha nikarudi kukaa. Sijawahi kufanya jambo gumu hivyo ndani ya nyumba yangu. Nilimsikia akifungua makabati, akilalamikia kisu changu kuwa butu, akikinoa kwenye kitako cha sahani. Nikamwambia kwa sauti kwamba mboga ya jioni sijui niifanyeje. Alikuwa ameshatoka nje kukagua lile shamba dogo nyuma ya nyumba ambalo mimi nimeliachia majani.

Wiki ilipokwisha nilimsindikiza stendi. Sikumbembeleza. Milanzi yake kule Mahongole ilikuwa imeachiwa jirani, naye alikuwa na wasiwasi kwamba jirani hukata ncha nene mno. Alipanda basi la Makambako, akapata kiti cha dirishani, akafungua kioo na kuniita nisogee.

"Mvua zikikatika nitakuja," akasema. "Lile shamba usiliguse. Na kazi nyingine usizimalize zote."