Mhojiwa Namba Sita

Alitaka sheria, akapata sosholojia. Alama mbili tu ndizo zilizomnyima kusimama mahakamani, na baba yake, fundi saa asiye na maneno mengi, akalimeza hilo kimya kimya kisha akawatangazia majirani kwamba binti yake anasomea udaktari wa jamii. Likizo ya kwanza aliporudi nyumbani alikuta wazee wawili wanamngoja kibarazani, mmoja na mgongo wake, mwingine na kikohozi. Ikabidi awaeleze kwamba yeye hatibu mtu, anachunguza kwa nini watu wanaishi wanavyoishi.

"Na wao wenyewe hawajui?" akauliza mwenye mgongo.

Mwaka wa tatu ulimkuta amepanga chumba cha juu katika nyumba yenye wapangaji kumi na wawili, naye akiwemo, na bomba moja uani. Wenzake walimwita Profesa, nusu kwa utani, nusu kwa kumtakia mema. Maji yalitoka alfajiri na kukatika saa mbili kamili, hayamjui mkubwa wala mdogo. Waliopanga foleni hawakuwa watu, zilikuwa ndoo: unaweka yako, unarudi kuendelea na mambo yako, na aliyeko bombani akijaza ya kwake anasogeza inayofuata. Basi Profesa alipotakiwa kuandika utafiti wa kuhitimu, hakuhangaika kutafuta mada mbali. Alivuta kiti dirishani, na kwa wiki tatu, tangu maji yanapoanza mpaka yanapokatika, akaandika kila kilichotokea uani: nani kaweka ndoo saa ngapi, nani kasogeza ya nani, nani kapiga miayo akiwa wapi; jioni akawapitia vyumbani na orodha ya maswali.

Mwanzoni walidhani kawa mpelelezi wa mwenye nyumba. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema fundi wa kuchomea vyuma wa chumba cha chini, na tangu siku hiyo akawa anampungia mkono kila akipita bombani, ili angalau aandikwe vizuri.

Kilichompandisha Profesa mori ni ndoo nyekundu ya Mama Simu. Bibi huyu wa miaka sabini na nne alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini, akiwaunganisha watu na kuwakata wakizidisha porojo, na goti lake la kulia lilikuwa limestaafu kabla yake. Kila siku saa moja asubuhi alitoka na fimbo, akakuta ndoo yake imejaa, ya kwanza kuliko zote, na hapo hapo akaanza kuwasema wenzake. "Nyinyi vijana mnalala kama magogo. Mimi na uzee huu, ndoo yangu ya kwanza kila siku." Hakuna aliyembishia. Lakini Profesa, kutoka dirishani, aliiona siri: ndoo ile ililala mlangoni kwa bibi, na yeyote aliyeamka wa kwanza aliichukua kwa kunyata akaitanguliza mbele ya yake. Mara nyingi alikuwa fundi.

Mhadhiri wake alikuwa na sharti moja. "Wasomee wahojiwa ulichoandika juu yao, kisha wasaini fomu za ridhaa. Fomu zote kumi na moja ziwe mezani kwangu Ijumaa. Ikikosekana moja, joho utaliona kwa wenzako."

Majina aliyageuza namba, kama alivyofundishwa, naye akaamini kabisa kwamba namba humficha mtu. Jumapili mchana akawaketisha uani, akasimama kwenye ngazi, akasoma. Ikawa vicheko mtindo mmoja. "Namba Tatu ni mimi huyo," fundi aliwaambia wenzake kwa fahari. Mke wa dereva alinuna kuitwa Namba Kumi, ilhali yeye ni mpangaji wa zamani. Kichwa kilimvimba Profesa, sauti ikapanda, na katika kupanda huko akafika ukurasa wa tisa.

"Mhojiwa Namba Sita, mwanamke wa miaka sabini na nne, huamini kwamba ndoo yake nyekundu huwahi foleni. Kwa hakika hutangulizwa na majirani kwa sababu ya huruma, naye hana habari."

Alinyanyua macho akingoja wacheke. Katika nyumba ile ndoo nyekundu ilikuwa moja tu. Fundi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mama Simu aliegemea fimbo, akainuka polepole, akaingia chumbani kwake bila kusaini.

"Mdomo umekuponza, Profesa," fundi akasema kwa upole.

Jumatatu ndoo nyekundu haikulala mlangoni. Mama Simu alitoka nayo mwenyewe alfajiri, akaipanga mkiani, akasimama kando yake. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mke wa dereva, aliyekuwa wa kwanza, akasema yeye hana haraka, bibi apite. Bibi akasema anangoja zamu yake. Kumpisha kulikuwa huruma ya ukurasa wa tisa. Kujaza mbele yake, na goti lile linatetemeka, hakuna aliyethubutu. "Tangulia wewe." "Aa, tangulia wewe." Bomba likabaki linamwaga maji mtaroni, na watu wazima wenye akili zao wanayatazama. Saa mbili yakakatika. Jumanne mambo yakawa yale yale. Jumatano fundi alikwenda kazini hajaoga kwa siku ya tatu, na wateja wakawa wanamwelezea mageti yao wakiwa ng'ambo ya barabara.

Alhamisi Profesa alibisha mlango wa Mama Simu, mkononi fomu kumi zilizosainiwa na moja tupu. Alikuwa ametunga maneno mazuri ya kuomba radhi. Yote yalimpotea kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Umefuata saini au umenifuata mimi?"

Alitaka kusema amemfuata yeye, akaona haitakuwa kweli yote. "Vyote viwili, bibi. Nisamehe. Ile karatasi nitaichana."

"Usichane kitu. Uliniuliza maswali ishirini na mawili, mpaka nalala ubavu gani uliuliza. La ndoo hukuniuliza."

"Niliogopa utaumia."

"Ukaona bora unisomee mbele za watu."

Profesa aliinamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ulikuwa unajua?"

"Mjukuu wangu, naiacha ndoo tupu mlangoni, naikuta bombani imejaa. Ulidhani nafikiri ina miguu?"

"Sasa mbona ulikuwa unawasema?"

"Ningewashukuru kila kukicha, wangeanza kujiona wananibeba. Nikiwasema wanacheka, wanakwenda zao kazini. Kujua, nilijua. Kilichoniuma ni lile neno lako, huruma." Akalinyoosha goti polepole. "Na mimi nina swali. Wiki tatu ulikaa dirishani mpaka maji yanakatika. Uliyooga uliyapata wapi?"

Kila siku saa mbili Profesa alishuka, akakuta ndoo yake imejaa, akaibeba, akaoga, akaenda chuoni. Katika kurasa zote arobaini na moja hakuiandika popote. Hata kujiuliza hakujiuliza.

"Tuliijaza kwa zamu," bibi akasema, huku akiivuta ile fomu tupu. "Tuliambiana huyu mtoto anasoma, tusimkatize. Mimi zamu yangu ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nashika ukuta mpaka ijae."

Profesa alilitazama lile goti. Aibu ilimshika mpaka masikioni, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. Mama Simu alisaini kwa herufi kubwa za kiofisi, akaipuliza wino ukauke, akamrudishia.

"Basi, nyamaza. Nenda kalifute lile neno, uipeleke kazi yako kwa wakati."