Nahodha Aliyesukwa Upya Angani

Nyumbani kwetu Husby, huku Uswidi, nilipigwa marufuku kutazama tamthilia ya anga anayoipenda mama. Kosa langu ni macho. Nahodha akijeruhiwa shavu la kushoto, mimi ndiye ninayeona kwamba mlango ukifunguka jeraha limehamia kulia. Chombo kikilipuka, nauliza mlipuko unasikikaje mahali pasipo na hewa ya kubeba sauti. Nauliza kwa Kiswidi, mdomo umejaa chapati, na mama hujibu kwa Kiswahili kwamba ameshinda kutwa akiwaogesha wazee wa watu, hakuagiza mhadhiri sebuleni.

"Tengeneza ya kwako basi," aliniambia siku aliyonifukuza. "Na sisi tukae tukucheke."

Wiki hiyohiyo mwalimu wa fizikia alinibakiza baada ya kipindi. Kwa ule upole wa Kiswidi unaotisha kuliko kelele, alinieleza kwamba nimeanguka mitihani yote, na nisipoonyesha kuwa kuna kitu ninachoelewa, nitapelekwa shule ya likizo. Maana yake mama na mdogo wangu wangepanda ndege kwenda Kigoma kwa bibi, mimi nibaki hukuhuku, mtaa wa Alby, kwa mjomba, ambaye kwake hata runinga hufunguliwa kwa maombi. Nikauliza kama naweza kutengeneza kipindi cha anga badala ya mtihani. Akasema naweza, mradi fizikia iwemo.

Chombo changu kilikuwa chumba cha kufulia nguo cha wapangaji wote, chini kabisa ya jengo letu. Huku zamu ya kufulia ya mtu haiguswi, hata uwe na vita ya sayari mbili. Mama alituachia yake kwa sharti kwamba nguo zifuliwe kweli. Kwa hiyo mashine ya kukaushia ikawa injini, na ukichungulia kioo cha injini hiyo unaona shuka za maua zikizunguka. Picha inayofuata, soksi. Nje ya kidirisha cha juu theluji ilikuwa ikianguka, tukaiita mvua ya nyota. Siku ya pili ya kupiga picha jua likawaka, nyota zote zikayeyuka, na baiskeli ya jirani ikaonekana imeegeshwa angani.

Fundi wa injini alikuwa rafiki yangu wa darasani, Mkongo wa ghorofa ya juu. Nilimwandikia atangaze kwamba injini imezima na sasa tutasimama. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba angani hakuna cha kukusimamisha. Yeye alikuwa na malalamiko mengine.

"Fundi Mkongo, nahodha Mtanzania. Nani alipanga?"

"Nahodha ni mdogo wangu. Bila yeye mama hatoi ufunguo."

"Voilà. Serikali ya ukoo."

Mdogo wangu aliianza safari akiwa na twende kilioni, mistari imelala vizuri kuelekea kisogoni. Jumapili iliyofuata alishuka ngazi na rasta za zambarau zinazofika kiunoni. Nilipanda kwa mama kulalamika. Aliniuliza kama nilitaka ampeleke mtoto harusini na kichwa kimechakaa kwa ajili ya sinema ya chumba cha kufulia. Nikashuka kuendelea kupiga picha. Hivyo ndivyo nahodha wangu anavyoingia koridoni na twende kilioni, anatokea upande wa pili na rasta za zambarau, na bado anamalizia sentensi ileile.

Siku ya kuionyesha filamu, darasani walianza kucheka kabla hata soksi hazijafika. Rasta zilipotokea, mtu mmoja alishuka kabisa kwenye kiti. Mwalimu hakucheka. Niliiona Kigoma ikiniacha. Nikasimama nikatangaza kwamba makosa yote nimeyaweka makusudi, kazi ya mtazamaji ni kuyagundua.

Mwalimu alikunja mikono. "Vizuri sana. Basi yaeleze. Yote."

Nikaanza na kelele za mlipuko, nikaenda kwenye mshumaa unaowaka nje ya chombo bila oksijeni, nikaja kwenye injini: kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kitu kingine kikizuie. Maneno yalikuja yenyewe. Ni yaleyale niliyokuwa nikimkera nayo mama mwaka mzima, ila hapa hakuna aliyenirushia mto.

"Na nywele?" akauliza mwalimu.

Nikasema chombo kilikuwa kinakaribia kasi ya mwanga, na kwenye kasi hiyo wakati hauendi kama kawaida. Pale koridoni nahodha alipata wiki nzima ya kusukwa.

"Umegeuza. Anayesafiri kwa kasi hiyo ndiye anayepitiwa na muda mchache. Huyu hakuwa na nafasi hata ya kuchana."

Darasa likasema uuu. Nilimtazama fundi wangu, naye akatazama dari. Wakati mchache kwa anayesafiri. Wakati mwingi kwa anayebaki.

"Basi nahodha hakusafiri. Tuliosafiri ni mimi na fundi na kamera. Kwetu ilipita dakika moja. Yeye tulimwacha Husby, akasukwa akamaliza, akatusubiri turudi."

Nilianza kumfikiria mjomba na runinga yake. Kisha mwalimu akafungua mikono.

"Filamu ni mbaya," akasema. "Hilo ulilosema ni sahihi. Umepita."

Nilipanda ngazi zote za jengo mbiombio kumpa mama habari. Alishukuru Mungu, halafu akauliza ni swali gani lililoniokoa. Nikaeleza, tena kwa Kiswahili, ili aone kwamba siku hiyo nilikuwa mtoto mwema. Mdogo wangu alikuwa mlangoni akisikiliza, rasta begani.

"Yaani umefaulu kwa kuniacha nyumbani? Mimi ndiye nahodha."

Nikamwambia malalamiko yote ayapeleke kwa fizikia. Mama alikuwa ameshapanda kiti, anashusha masanduku matatu kutoka juu ya kabati.