Aliyeinama Ili Mwanawe Amwone

Saa mbili na nusu asubuhi, sebule ya kuigizia inawaka taa. Ina kuta tatu tu; mahali pa ukuta wa nne ndipo ilipo kamera. Tajiri na mkewe wameketi kwenye makochi. Mama Trei anaingia na trei ya vikombe vitupu, anainama sana, anavipanga mezani, anatoka. Hasemi neno.

Mama Trei ndivyo wenzake wanavyomwita. Kwa miaka kumi na miwili ameigiza mfanyakazi wa ndani katika tamthilia ya televisheni, na hajawahi kuingia mikono mitupu. Utani huo anaupokea kwa kicheko.

Kisichochekesha ni urefu wa kamera. Mpigapicha huiweka usawa wa macho ya waliokaa, hivyo anayesimama hukatwa shingoni.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa aproni na mikono tu," anasema. "Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Anasogea mpaka pua inagusa kioo cha televisheni. 'Mama, mbona sikuoni?' Iliniuma jamani."

Basi akabuni ujanja: akawa anainama kupita kiasi ili uso ushuke ndani ya picha, japo kwa sekunde mbili. Nyumbani mtoto alipiga makofi. Mwongozaji naye akadhani ni unyenyekevu wa mtumishi, akaupenda, akaamuru ubaki.

Binti akakua, akaingia chuo kusomea filamu. Huko akaandika insha kuhusu namna tamthilia zinavyowaonyesha wafanyakazi wa ndani, na mfano aliouchagua ni mama yake mzazi.

"Aliandika kwamba kuinama kwangu kunawafundisha watu kuwadharau wafanyakazi wa ndani. Akaniuliza, 'Mama, huoni hata aibu?' Nilikasirika. Nikasema moyoni, nitamweleza siku nyingine."

Siku hiyo haikupatikana. Mwaka jana homa ya siku nne ilimchukua binti huyo, mtoto wake wa pekee, akiwa na miaka ishirini.

Insha ina kurasa saba, na mama huisoma kila anapopakwa poda. Ni kazi nzuri kweli, na hapo ndipo uchungu ulipo. "Kamera ameieleza sawasawa, taa sawasawa. Amekosea kimoja tu," anasema, akifuta macho kwa ncha ya aproni. "Na jibu lake nilikuwa nalo mimi."

Wiki hii amemwomba mwongozaji tukio moja katika msimu mpya: mfanyakazi aketi kwenye kochi, aongee, na kamera imtazame usoni.

"Dada, watazamaji wamekuzoea ukiinama," mwongozaji alimjibu. "Lakini acha nifikirie."

Anasubiri. Maneno ya tukio hilo ameshayaandika mwenyewe, na sehemu kubwa ameyatoa kwenye insha.

Na mwongozaji akikataa?

"Nitaingia wima na trei yangu, wanikate kichwa wakitaka. Niliyekuwa namwinamia hayupo tena."