Maiti Aliyecheka Kigwa

Levina Lugembe alikuwa amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote Tabora, na hakuna aliyewahi kumwogopa.

Alianza kwa kuigiza mizimu katika filamu za wenzake. Alipochoka kufufuliwa ovyo ovyo, akaanza kutayarisha za kwake: anatafuta jeneza, anawapikia waigizaji, kisha anajipaka unga wa muhogo usoni na kulala ndani. Zilipoonyeshwa, watu walijishika mbavu. Mzimu wake ukitokea, watoto waliupungia mkono. Jamani, ilimuuma.

"Na hii wakiicheka, naacha," alimwambia Modest, mpiga picha wake. "Narudi kuuza asali."

Mazishi ya filamu yalipangwa kijijini Kigwa, shambani kwa shangazi yake. Lakini Kigwa jeneza halipiti watu wakakaa tu. Wanawake walikuja na ndoo za maji, wanaume wakapanga mabenchi, na Mzee Yoramu, Mgogo aliyestaafu kazi ya reli, akaja kufanya kazi yake ya utani. Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani msibani hazuiliwi wala hakasirikiwi. Mzee akashuka kaburini, akajilaza chali.

"Hapa haingii mtu!" alitangaza. "Babu zake huyu walipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, wakanywa maji yetu. Hongo ya kupita kwetu haijalipwa. Nataka jogoo!"

"Mzee, hii ni filamu," Modest alimsihi. "Hajafa."

"Ndiyo zao hawa Wanyamwezi. Hata kufa wanasingizia, wasibebe mzigo!"

Ndani ya jeneza Levina aliuma midomo, wapi! Alicheka mpaka kifuniko kikatikisika. Wakarudia, akacheka tena. Jogoo akaletwa, Yoramu akampapasa na kusema huyu ndiye anayestahili kuzikwa. Waombolezaji wote hoi.

Jua lilipoanza kuinama, Levina alitoka jenezani, akaketi ukingoni mwa kaburi na kulia kweli kweli. Machozi yakachora mifereji kwenye unga.

"Mtani, unataka nini?" Yoramu aliuliza, safari hii kwa upole.

"Nataka watu waogope. Hata mara moja tu."

Mzee alihuzunika, akatoka kaburini bila neno, akasimama na jogoo wake kwapani. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Shangazi akainuka, uso umembadilika.

"Mtani, nani kakuudhi? Sema basi! Msiba bila utani ni mkosi!"

Levina akawatazama waombolezaji. Hakuna aliyekuwa anacheka. Akarukia jenezani.

"Modest, piga! Mzee, kaa hivyo hivyo!"

Filamu ilionyeshwa Tabora Jumapili moja mchana, ukumbi ukajaa. Mzimu ulipotokea na unga wake, watu walicheka kama kawaida, na Levina, aliyekaa nyuma kando ya Yoramu, alianza kufikiria asali. Kisha likaja kaburi. Mtani akasogea, akalitazama jeneza, akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka, akaondoka zake.

Ukumbi mzima ukanyamaza.

"Sema, mtani!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Usimwache hivyo!" Watoto walijificha kwenye kanga za mama zao. Mwanamume mmoja, mtu mzima, alitoka nje, akasahau viatu.

Levina naye alitazama. Kule mbele jeneza lake lilikuwa linashuka peke yake, bila hata mtu mmoja wa kulidai jogoo. Akaushika mkono wa mzee na kuung'ang'ania.

"Mtani," alinong'ona, "nitanie."