Sikio la Neema

Afadhali aibu hii niitoe mwenyewe kabla majirani hawajaitoa. Nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni hapa Kalemie, na binti yangu Neema, mwenye mwaka mmoja na nusu, hubaki nyumbani na wifi yangu Adela. Juma hili mtoto alikuwa na mafua. Kila jioni nilimkuta akilia, ameshika sikio la kushoto. Nikasema moyoni, Adela anamvuta masikio. Hata chai yake nikaacha kuinywa.

Jana nilirudi mapema, nikaingia kimyakimya. Nikamkuta Adela ameshika sikio hilohilo. Niliwakokota wote wawili hadi kituo cha afya, nikamwambia muuguzi mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni, "Andika: huyu anapiga mutoto wangu."

Muuguzi alimulika ndani ya sikio.

"Hakuna muntu alimupiga. Mafua ndiyo imefika ndani ya sikio, sasa inatoa usaha. Mukikawia, hatasikia vizuri. Homa ilianza siku gani?"

Sikujua.

"Juzi asubuhi," Adela akajibu polepole. "Usaha imeanza leo, nilikuwa namupanguza. Nilimuambia Mama Neema tumulete, akasema ninakimbia kazi."

Muuguzi akamgeukia Adela, kalamu mkononi.

"Basi mama ya mutoto ni wewe?"