Machimbo na Koti la Mama

Watu hunisumbua kwa machimbo. Hunitumia ujumbe kwenye simu, wengine hata salamu hawaweki: "Dada, nipe chimbo la makoti Mbeya," kana kwamba wanaomba chumvi kwa jirani. Chimbo, kwa sisi wa mitumba, ni mahali nguo nzuri zinapopatikana kwa bei ya chini kabla mji haujapajua. Ukilitangaza, wiki ya pili bei imepanda, wiki ya tatu unakuta foleni. Zamani ningekudanganya mchana kweupe, nikakuelekeza kwa muuza ndoo. Siku hizi nayataja yote. Wanasema nimekuwa na roho nzuri. Sina roho nzuri yoyote, nimechoka tu.

Nina kibanda Iringa mjini, cha mbao na bati, nimekaa nacho zaidi ya miaka kumi. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kula hasara na kwa kuwavizia wenzangu. Kitu nilichogundua mapema ni kwamba ukitaka kujua nguo nzuri zinatoka wapi, usimuulize muuza nguo. Muulize fundi cherehani. Yeye ndiye anayepunguza viuno na kufupisha mikono, kila nguo ya maana inayoingia mjini inapita mezani kwake, na hana sababu ya kuficha. Fundi mmoja wa Mbeya ndiye aliyenielekeza kwenye nyumba ya uani, nyuma ya soko la Mwanjelwa, ambako mama mmoja mtu mzima alikuwa anafungua belo, lile robota la mitumba lililofungwa kwa kamba, kila Jumanne asubuhi.

Utaratibu pale ulikuwa mmoja. Mnalizunguka belo, wanawake kama kumi na tano, hakuna anayeongea. Mama wa chimbo anakata kamba, nguo zinafumuka, kila mtu anavuta. Ulichoshika ni chako. Ukikiachia, hata kama ni kwa kujikuna tu, si chako tena. Nilikuwa hodari. Mikono yangu ilikuwa inaijua nguo kabla macho hayajaiona: inabana kola, inapima kwapa, inapita kwenye mshono, inatupa. Nilijivuna sana kwa hilo, niseme ukweli.

Mama yangu alikuwa anaishi kijijini, si mbali na Mgololo. Baba alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka akastaafu, na alipofariki, mama akakataa kuhama. "Nikija kwako Iringa nitafanya nini, nikuhesabie vifungo?" aliniambia. Kaka yangu na mkewe walikuwa jirani naye, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa naenda mara tatu nne kwa mwaka na sikuwahi kwenda mikono mitupu. Nilimbebea nguo. Kijiji kizima kilijua kwamba yule bibi ana binti anayemvalisha.

Sasa niseme ambacho kijiji hakikujua. Nilikuwa nambebea mabaki. Sweta ambalo zipu yake imeruka meno, blauzi yenye doa la kutu begani, sketi iliyoning'inia miezi sita bila mtu kuiuliza bei. Nilijiambia mama hana makuu, na kweli hakuwa nayo. Alipokea kwa mikono miwili, akaigeuza nguo kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Wewe una jicho, mwanangu." Kisha akaitibu. Zipu aliitoa akaweka vifungo, kila kimoja na rangi yake. Doa alilishonea ua. Nilikuwa nikiona hayo nacheka.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, maana kupiga simu kwake ilikuwa kazi ya wajukuu.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Kuna shida?"

"Shida hakuna. Ni hii baridi tu. Mwaka huu imenijia mimi peke yangu, wenzangu wala haiwaoni. Hivi hayo makoti mnayouza, yale marefu ya kufika magotini... hata ukipata la zamani zamani tu."

Maisha yake yote hakuwahi kuniomba nguo. Nilimwambia ahesabu limeshafika.

Na Jumanne iliyofuata nililipata. Koti la sufu, rangi ya kahawa, bitana nzima, vifungo vyote, halina hata uzi uliochomoka. Nilipolishika nilisema kwa sauti, "Hili la mama," wenzangu wakacheka, maana pale hakuna anayesema neno. Nililibeba mapajani njia nzima mpaka Iringa, wala sikulichanganya na mzigo mwingine.

Halafu nikafanya anachofanya kila muuza mitumba akipata nguo bora ya wiki. Nikalitundika mbele. Kila kibanda kina nguo yake ya mbele, ile inayomsimamisha mpita njia, na ukiwa na koti kama lile halafu ukaliweka kwenye mfuko, unajiona mjinga. Safari ya kwa mama ilikuwa baada ya wiki mbili. Nikasema liniitie wateja kwanza. Aliyeuliza bei nilimjibu haliuzwi, ni la mama yangu, na nilipenda jinsi sentensi hiyo ilivyosikika.

Wateja walisimama, wakalishika, wakaenda zao. Siku tatu sikuuza hata soksi. Siku ya nne asubuhi ndipo akaja dada mmoja.

Asiyefanya biashara hataelewa, lakini nitajaribu. Mteja wa kwanza ndiye anayekufungulia siku. Huyo huwezi kumwacha aondoke mikono mitupu. Utamshushia bei, utamwongezea leso, utamwita majina ya heshima, mradi akuachie chochote. Akiondoka hivihivi, siku nzima ina gundu. Mchungaji wetu amelikemea sana jambo hili madhabahuni. Tunaitikia amina, kesho asubuhi tunasema, "Dada, nifungulie biashara." Na baada ya siku tatu kavu, mimi nilikuwa naamini zaidi ya wote.

Alikuwa muuguzi, amepangiwa kazi Makete. Hakutaka kuona kitu kingine. Alilivaa, likamkaa kana kwamba alipimiwa.

"Hilo haliuzwi, dada yangu. Ni la mama. Ngoja nikuonyeshe masweta."

"Masweta ninayo. Basi, nitaangalia kwingine."

Akatoa mkono mmoja kwenye koti. Nikamwona anaondoka, nikaiona siku nzima inaondoka naye, na nyuma yake siku nyingine tatu za namna hiyo. "Usivue," nikasema. "Chukua tu. Mama nitampatia lingine, Jumanne haiko mbali."

Siku ile niliuza vizuri ajabu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba gundu liliondoka kweli.

Jumanne iliyofuata belo lilikuwa la mashati. Iliyofuata tena, nguo za watoto. Belo halina ahadi, unanunua ulichofungiwa. Mama wa chimbo akaniambia makoti ndiyo basi tena, mwezi wa sita umeingia, Njombe nzima na Makete yake wanayagombania. Nikaanza kuzunguka. Nilishuka Chimala siku ya gulio. Pale kuna mzee anayeuza makoti peke yake, chimbo zuri sana, nilikuwa nimelificha miaka. Akafungua mikono. Makoti karibu yote yalikuwa yametangulia Usangu, kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, ambao huyavaa alfajiri wakitoka na ng'ombe. "Wale hawaombi punguzo," akaniambia, akinitazama mimi.

Kwa mzee yuleyule nilikuta moja limebaki. Koti la kiume, zito, limechanika kwapani. Nililishika, mikono ikafanya kazi yake, nikalirudisha. Safari hii nilitaka gredi ya kwanza, kwa sababu roho ilikuwa inanisuta, na niliona nikimpelekea mama koti lenye tundu nitakuwa nimemkosea mara mbili. Kwapa lingeshonwa. Mama yangu alikuwa anajua kushona kuliko mimi. Leo nikilikumbuka koti lile natamani kujipiga makofi.

Wiki niliyoahidi kwenda kwa mama nilikwenda Madibira. Mpunga ulikuwa umevunwa, watu wana hela mkononi, na wauza mitumba wote wa Iringa tulikuwa tumeelekea huko. Nilimpigia simu nikiwa nimekaa juu ya mzigo.

"Mama, nakuja, nakutafutia lililo zuri."

"Usihangaike, mwanangu. Hata lisilo zuri."

Alikohoa akisema hivyo. Nilisikia. Nilimwambia anywe maji ya moto.

Mwezi wa saba, Jumanne, belo la makoti likaja. Kamba ilikatwa, na kitu cha kwanza kilichonijia mikononi kilikuwa koti refu jeusi, zito, zuri kuliko lile la kwanza. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshika mkono wa pili wa koti. Tukavutana. Simu ikaanza kuita kwenye mfuko wa sketi. Kwenye belo hakuna anayepokea simu, kila mtu pale analijua hilo, kwa hiyo hakuna hata aliyenitazama. Iliita, ikakata, ikaita tena. Mwenzangu akaachia. Iliita mara ya tatu nikiwa nimelikumbatia koti kifuani, nakagua kola.

Nilipopiga alipokea wifi yangu, mke wa kaka.

"Wifi, tumekupigia sana. Mama alitaka kusema na wewe."

"Nipo sasa. Mpe simu."

Nikarudia, mpe simu wifi, mpe tu aniambie, mpaka mama wa chimbo akaja akanishika mabega. Ilikuwa kifua. Walimpeleka zahanati jana yake, wakaambiwa homa ya mapafu, asubuhi hiyo wakawa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa, likachelewa.

Nilifika na koti kwenye begi. Sikumwonyesha mtu. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Siku ya mazishi, wakati wanawake wamekwenda jikoni, niliingia chumbani kwake, nikafungua sanduku lake la nguo, nikaliweka chini kabisa, chini ya masweta. Nilitaka liwe lake hata kwa siku chache. Na nitasema na hili, kwa kuwa nimeamua kusema: nilitaka watu walikute humo wajue nilimletea.

Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hugawiwa kwa ndugu. Mama mdogo, aliyemfuata mama yangu kuzaliwa, alitandika mkeka sebuleni, akalivuta sanduku, akaniita mbele ya wote.

"Wewe ndiye mtu wa nguo. Tupangie."

Nikakaa. Nikachukua ya kwanza, na mikono ikaanza. Kola, kwapa, mshono, tupa. Kola, kwapa, mshono, tupa. Sikuituma. Sweta la vifungo vya rangi rangi likaenda kulia, blauzi yenye ua ikaenda kulia, sketi kulia. Kulia ndiko ninakotupia gredi ya tatu, nguo za kuuza kwa fungu au za kukatia matambara. Lundo likapanda. Mbele yangu na kushoto kwangu, kwa gredi ya pili na ya kwanza, mkeka ulikuwa mtupu.

"Mbona zote unazitupa huko?" mama mdogo akauliza.

Nikasimamisha mikono. Kila nguo pale niliijua, niliijua na kasoro yake, kwa sababu kasoro hizo nilizipeleka mimi. Miaka kumi na zaidi nikishinda kwenye machimbo ya Mbeya nzima, na mama yangu hakuacha nguo hata moja ya kuweka kushoto. Wanawake walikuwa wananingoja. Nilitaka kulia, machozi hayakuja, nikaingiza mkono tena ndani ya sanduku.

Likatoka koti.

Mama mdogo alinipokonya. Akalikunjua, akalipima kwenye mwili wake, akapitisha kiganja kwenye kitambaa. "Hee! Hili alilipata lini?"

"Nilimletea mwezi wa tano," nikasema.

Wifi yangu, aliyekuwa anamfulia mama nguo zake zote, aliinua uso akaniangalia. Kisha akaangalia chini.

"Mwezi wa tano?" Mama mdogo aliwageukia wenzake wa kwaya. "Mnasikia? Na alikuwa anakuja ibadani na khanga mbili mabegani, meno yanagongana! Mimi mwenyewe nikamwambia dada, tafuta koti. Akanijibu linakuja. Kumbe liko sandukuni!" Akatikisa kichwa. "Dada yangu alikuwa bahili mpaka kwa mwili wake."

Wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho watu huwa wanakisubiri siku nyingi. Mmoja akasema labda alikuwa analitunzia Krismasi. Wakacheka tena.

Mama mdogo ndiye analivaa sasa. Na kila tukikutana, kwenye kipaimara, kwenye harusi, kisa hicho kinasimuliwa: yule mama wa Mgololo aliyekufa kwa baridi na koti zuri sandukuni. Watoto wanaambiwa wasiwe kama bibi yao. Mara mbili nimefungua mdomo nimsafishe. Mara zote mbili nimeufunga, na wenzangu walipocheka, nami nikacheka.